Mchagua jembe si mkulima: Kozi umesoma, sasa fanya kitu

Kabla hatujaenda mbali, toa simu yako uifanyie ukaguzi mdogo. Fungua pale unapohifadhi video za "kutazama baadaye". Ziko ngapi? Fungua folda ya vitabu vya PDF ulivyopakua ukiapa kwamba utavisoma wikendi. Halafu jiulize swali moja, na usinijibu mimi, jijibu mwenyewe: kati ya yote uliyojifunza mwaka huu, ni lipi umelifanya kwa mikono yako, hata mara moja tu?

Kama umekwama kujibu, usijali, hauko peke yako. Mimi ni mkongwe wa mchezo huo. Kwenye kompyuta yangu kuna folda inayoitwa "Maisha Mapya". Ndani yake kuna vyeti kumi na vinne vya kozi za bure za mitandaoni: kilimo cha matone, ufugaji wa kuku wa kienyeji, usimamizi wa miradi, uundaji wa programu za simu, hadi kozi ya kahawa ya watu wanaotaka kufungua mkahawa. Mkahawa sina. Sina hata thamosi ya maana.

Siku hizi nafanya kazi kwenye saiba moja hapa Makutano, mjini Meru. Ukitaka kuwajua vijana wa mji, kaa kwenye saiba. Wanaingia wanafunzi wa MUST kutoka Nchiru, wa KeMU, wa Meru National Polytechnic, na wale waliomaliza kitambo wakabaki mjini. Kila mmoja ana flashi, na kwenye kila flashi kuna vyeti. Cheti cha kompyuta, cheti cha uongozi, cheti cha ujasiriamali cha semina ya siku tatu. Juzi mteja mmoja alinipa wasifu wake nichapishe, kurasa sita. Nikamuuliza kwa utani, "Buda, kati ya hizi zote, ni gani inakulipa?" Akacheka. Akaniambia Januari anajiandikisha kwa kozi nyingine, "ndio niwe tayari kabisa".

Sikumcheka. Nilijiona mwenyewe.

Nilijua, na kuku wakafa

Wacha niungame. Niliacha chuo mwaka wa pili, 2021. Karo ilikwama, muhula ukapita, ukapita na mwingine, mwishowe nikawa nimeacha bila hata kuamua kuacha. Nilirudi nyumbani, nje kidogo ya Runyenjes kule Embu, na begi moja la nguo na aibu ya magunia mawili. Mamangu alikuwa ameuza mbuzi na kukopa chamani ili nisome. Kila jirani aliyepita aliuliza, "Kwani mmefunga shule?" Sikuwa na jibu.

Hapo ndipo nilipogundua dawa ya aibu: kusoma mtandaoni. Mtu akiniuliza nafanya nini, namjibu "kuna kozi nasoma", na uso wake unatulia. Huku kwetu hakuna anayemgombeza kijana anayesoma. Ukiwa na daftari mkononi, hata ng'ombe akilia njaa, atatumwa mwingine kukata majani.

Kozi niliyoipenda zaidi ilikuwa ya kuku wa kienyeji. Nilijaza daftari zima. Nilikuwa nakujua kideri, ule ugonjwa ambao wataalamu huuita Newcastle, kama ninavyojua jina langu. Nilijua kwamba hauna tiba. Nilijua kwamba kinga yake ni chanjo: tone moja kwenye jicho la kila kuku, kisha unarudia baada ya miezi mitatu. Nilijua chupa ya dozi mia moja inapatikana agroveti kwa bei ambayo haifiki ya bando langu la wiki. Yote niliyaandika kwa kalamu ya bluu, vichwa nikavipaka nyekundu.

Hatua ishirini kutoka kwenye meza yangu lilikuwa banda la mamangu. Kuku ishirini na saba. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amechanjwa.

Kwa nini sikuwachanja? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi, na jibu si uvivu. Nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri kutazama video wakati intaneti ina kasi. Shida ni kwamba nilikuwa nangoja kumaliza kozi. Nilitaka kwanza nichore banda la kisasa, niandike mpango wa biashara, nijue hesabu ya chakula hadi gramu ya mwisho, ndipo nianze "rasmi". Kuwachanja kuku wa mama hakukuonekana kama kuanza. Kulionekana kama kibarua tu cha nyumbani.

Agosti 2023, msimu ule wa baridi na upepo, jogoo mmoja akaanza kuharisha kijani. Kesho yake kuku wawili wakapinda shingo. Ndani ya siku tisa nilikuwa nimezika ishirini na wanne. Wale kuku walikuwa karo ya dadangu mdogo. Mama alikuwa anangoja muhula wa tatu ukaribie auze kumi na tano.

Mama hakunigombeza. Alisimama kando ya shimo nililochimba, akaniuliza polepole, "Kijana wangu, si hiki ndicho ulikuwa ukisoma?"

Nimefeli mitihani mingi maishani. Hakuna ulioniuma kama ule. Dadangu alikaa nyumbani wiki tatu za kwanza za muhula, na kila asubuhi tulikuwa tunakunywa chai kwenye meza moja, yeye akiwa na kitabu chake na mimi na changu.

Jinsi kusoma kunavyotudanganya

Tangu siku hiyo nimelifikiria sana jambo hili, na nimefikia maoni ambayo huenda hutayapenda: wengi wetu hatusomi ili tujue. Tunasoma ili tusianze.

Ukitazama mtu akichomelea mlango kwa dakika kumi, unahisi kwamba na wewe umeshajua. Kichwa kweli kimejua. Lakini mkono haujaambiwa kitu. Mkono haujui uzito wa ile mashine, haujui cheche zikirukia viatu unafanya nini. Wewe unazima video ukiwa umeridhika, umepata raha ya kazi bila jasho la kazi. Kesho unatafuta raha nyingine. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na makampuni ya video yanaijua kuliko wewe. Ikiisha moja, nyingine inajicheza yenyewe.

Sababu ya pili ni woga. Mradi ulio kichwani haupatwi na kideri. Hauna mteja wa kukataa bidhaa yako wala jirani wa kusema "tulijua tu". Ukiendelea kusoma, unabaki kuwa mtu ambaye angeweza. Ukianza, utajulikana wewe ni nani hasa. Nani anataka kujulikana?

Sababu ya tatu ni sisi sote, jamii. Kuanzia Embu hadi Meru, kuna wazee walioza shamba, kahawa au ng'ombe ili mtoto apate karatasi. Karatasi ikawa heshima ya boma. Ndiyo maana kijana mwenye diploma mbili na hana kazi anaheshimiwa kwenye harambee kuliko fundi wa pikipiki anayelisha watu watano. Siwalaumu wazee wetu. Kwa wakati wao, ile karatasi ilifungua mlango kweli. Lakini leo milango imebadilika kufuli, na sisi bado tunakusanya funguo zile zile.

Wahenga walishaliona hili: mchagua jembe si mkulima. Tofauti ni kwamba zamani majembe dukani yalikuwa matatu au manne, ukichoka kuchagua unaenda shambani. Leo majembe hayaishi. Unaweza kuchagua hadi uzeeke, na kila jembe linakuja na cheti.

Somo moja, mara tatu

Hebu tutoke kwangu tuangalie eneo letu zima, ndipo uone kwamba ugonjwa huu si wa vijana wenye simu peke yao.

Juni 2014, Uingereza ilipiga marufuku miraa. Kule Igembe na Tigania soko likaondoka kwa siku moja. Mwaka 2020, Somalia ikafunga mlango kwa miraa yetu, na ulikaa umefungwa hadi Julai 2022. Kisha Mei 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zikatangaza marufuku dhidi ya muguka, na safari hii waliolia ni watu wa Mbeere, huku Embu.

Mara tatu ndani ya miaka kumi. Na kila mara, pale stejini, kwenye kinyozi na kwenye mikutano ya chama, sote tuligeuka kuwa maprofesa. "Mtu asitegemee zao moja." Nani hajui? Tulifundishwa shule ya msingi. Ile wiki ya Mei 2024 nilisikia hotuba nzuri sana kuhusu ndengu, makadamia na ufugaji wa nyuki. Halafu Mahakama Kuu ya Embu ikasitisha kwa muda marufuku za Mombasa na Kilifi, magari yakaanza kupakia tena, na hotuba zikaisha siku hiyo hiyo.

Sisemi mkulima wa Mbeere ang'oe muguka kesho. Ile ni ardhi kavu, na muguka ndiyo inayolipa karo huko. Nasema hivi: kati ya wale waliohutubu, ni wangapi waliopanda mistari miwili ya ndengu pembeni mwa shamba msimu uliofuata, waone tu inakuwaje? Hilo halihitaji semina. Linahitaji kilo moja ya mbegu na asubuhi moja. Ujuzi tulikuwa nao. Marufuku nyingine ikija, tutakuwa nao bado, na mfuko utakuwa mtupu vile vile.

Waliochimba mfereji

Sasa nikupe habari njema, na iko barabarani tu. Ukipanda matatu kutoka Embu kwenda Meru, unapita Runyenjes, unavuka kuingia Tharaka Nithi, unafika Chuka. Eneo hilo ndilo lililokuwa likiitwa Meru Kusini. Huko kuna kijiji cha Mbuiru na mto unaoitwa Tungu.

Kila mtu aliyeketi kwenye darasa la fizikia anajua kwamba maji yanayoshuka mteremko yana nguvu, na nguvu hiyo inaweza kuzungusha mtambo ukatoa umeme. Sisi watu wa upande huu tunajua zaidi ya wengine, kwa sababu mabwawa ya Mto Tana, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yako kwetu. Gitaru peke yake ina uwezo wa megawati 225. Lakini nyaya kubwa zilipita juu ya paa za watu zikaenda mbali, na chini yake watu wakaendelea kuwasha koroboi.

Watu wa Mbuiru walifanya nini? Kuelekea mwaka 2000, familia zipatazo 200 ziliungana. Zilipata usaidizi wa kitaalamu kutoka shirika la ITDG, ambalo leo linaitwa Practical Action, pamoja na Wizara ya Kawi, na fedha kutoka kwa shirika la UNDP. Lakini wenyewe walinunua hisa, na wenyewe walitoa nguvu. Kila Jumanne, kwa zaidi ya mwaka mmoja, walikuwa wanatoka kwenda kufanya kazi ya ujenzi. Maji ya Tungu yakachepushwa, yakaingia kwenye bomba, yakateremka na kuzungusha mtambo. Mradi huo unaitwa Tungu-Kabiri. Ulikuwa na uwezo wa kilowati 18.

Kilowati 18 ni kidogo. Ni kama kuwasha birika tisa za umeme kwa mpigo, basi. Haziwezi kuwasha mji. Kwa hivyo hawakung'ang'ania kumpelekea kila mtu taa nyumbani. Walitumia umeme huo kwenye kituo cha biashara: kuchomelea vyuma, kuchaji betri, saluni. Walipima walicho nacho wakakitumia.

Fikiria zile Jumanne. Hakuna aliyepewa cheti Jumanne ya kwanza, wala ya ishirini. Mvua ilinyesha, kahawa ilihitaji kuchumwa, kuna walioona ni upuzi. Lakini ile sura ya fizikia ambayo mimi na wewe tuliikariri tukaisahau, wao waliichimba kwa jembe. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Usinielewe vibaya hapo. Sisemi elimu ni bure. Tazama Profesa Wangari Maathai, jirani yetu wa upande wa Nyeri. Mwaka 1971 alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamifu. Angeweza kuishi maisha yake yote maabara na kwenye makongamano, na tungemheshimu. Lakini Juni 5, 1977, yeye na wenzake walipanda miche saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Saba tu. Huo ndio ukawa mwanzo wa Green Belt Movement. Kufikia mwaka 2004 alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel, miti iliyopandwa ilikuwa imepita milioni 30. Shahada ilimpa macho ya kuona shida. Miche saba ndiyo iliyompeleka mahali.

Na kwa upande mwingine kabisa, kule Malawi, kuna William Kamkwamba. Njaa ya 2001 na 2002 ilifanya wazazi wake wakose karo, akatoka shuleni akiwa na miaka 14. Akaenda maktaba ya kijiji, akapata kitabu cha mambo ya nishati chenye picha ya mitambo ya upepo. Akakusanya vipuri vya baiskeli na vyuma vya kutupwa, akajenga mtambo wake, taa zikawaka kwao. Yule alisoma kitabu akakigeuza mtambo. Mimi nilikuwa na intaneti, vyeti kumi na vinne na kuku waliokufa.

"Ni rahisi kusema"

Najua unachofikiria. "Bro, mtaji utatoka wapi? Shamba ni la mzee, mfukoni kuna nauli ya kurudi nyumbani, na hata kibanda cha mahindi choma askari wa kaunti wanataka chao." Ni kweli. Mtu akikuambia kwamba kinachokosekana ni bidii peke yake, huyo hajawahi kulala njaa Makutano. Kuna vitu ambavyo moyo peke yake hauwezi.

Lakini hebu tuwe wakweli kidogo. Chanjo ya kuku wa mamangu haikuhitaji mtaji. Ilihitaji bei ya bando. Mara nyingi tunasema "mtaji" tukifikiria ule mradi mkubwa wa kichwani, wa kuku mia tano na banda la mabati mapya. Kuku watatu waliobaki hatuwahesabu.

Pia kuna kazi ambazo lazima usome, tena usome sana. Sitaki nesi aliyejifunzia kwenye simu anidunge sindano. Na tafadhali usitazame video tatu ukaenda kutandaza nyaya za umeme kwa jirani. Kazi hiyo ina leseni ya EPRA, na ina leseni kwa sababu nyumba huungua. Kama uko katikati ya kozi kama hiyo na karo inapatikana, maliza. Mimi niliyeacha sikushauri uache. Kuacha chuo si ujasiri. Kwangu kulikuwa msiba, na mpaka leo kuna milango hainifungukii.

Lakini hata hapo, jua kwamba njia haiko moja. Ikiwa umejifunza ufundi mtaani, useremala, uchomeleaji, ushonaji au umekanika, NITA wana mitihani ya ufundi ambayo unaweza kufanya upate gredi yako bila kukaa chuoni miaka mitatu. Na kupitia KNQA, nchi imeanza mfumo wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata nje ya darasa. Maana yake ni nini? Unaweza kufanya kwanza, karatasi ikufuate. Lakini karatasi itakufuata ukiwa na kitu cha kuonyesha. Mtihani wa ufundi hautakuuliza umetazama video ngapi.

Mara ya pili

Oktoba 2023 nilinunua chupa ya chanjo mjini Embu. Kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika kwamba chanjo hii ikae kwenye baridi, nikaipigia mstari mara mbili. Unajua niliibeba vipi? Mfukoni, kwenye bodaboda, jua la saa saba. Nilipofika nyumbani ilikuwa na joto kama chai. Nikampigia simu daktari wa mifugo wa eneo letu, akacheka kwanza, halafu akaniambia niitupe nikanunue nyingine, na nije na thamosi yenye barafu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kosa hilo lilinifunza kuhusu baridi kuliko kozi nzima.

Mara ya pili nilifika na chanjo ikiwa salama. Ndipo nikakutana na jambo ambalo hakuna video iliyoniambia: chupa ina dozi mia moja, sisi tumebaki na kuku watatu, na ukishaichanganya inatakiwa iishe ndani ya saa chache. Nitafanya nini na dozi tisini na saba? Nikaenda kwa majirani. Mama mmoja alikuwa na kuku kumi na wawili, mwingine thelathini. Daktari alikuja akanionyesha namna ya kumshika kuku na kutia tone, akasimama hapo mpaka akaridhika. Kila jirani alichanga shilingi kumi kwa kuku. Ile chupa ikajilipa, na nikabaki na pesa ya chupa nyingine.

Sikuwa nimepanga biashara. Nilikuwa nimeanza tu, na shida ya kwanza ikanionyesha kazi ya pili. Leo kila miezi mitatu natoka Meru kwenda Runyenjes Ijumaa jioni, na Jumamosi asubuhi tunazunguka boma kwa boma. Sijatajirika. Bado nafanya kazi saiba. Lakini mama ana kuku arobaini na mmoja, na dadangu hajafukuzwa karo tangu mwaka jana.

Kwa hivyo ukiniuliza nimejifunza nini, nitakupa mambo manne, halafu tuachane.

Moja, kabla hujafungua video nyingine, sema kwa sauti: "Baada ya hii nitafanya nini leo?" Kama jibu ni "sijui", hiyo ni burudani. Burudani si dhambi, ila usiiite masomo.

Mbili, punguza mradi wako mpaka uone aibu. Unataka kuwa mpiga picha wa harusi? Piga picha za mtoto wa jirani Jumapili hii, bure, kwa simu uliyonayo. Unataka kuuza juisi? Tengeneza chupa tano, siyo hamsini. Jambo dogo likiharibika, hasara yake ni ndogo, na funzo lake ni lile lile.

Tatu, weka siku na umwambie mtu. Watu wa Mbuiru walikuwa na Jumanne. Wewe una siku gani? Ukisema "hivi karibuni", hujasema kitu. Ukimwambia mamako "Jumamosi saa tatu", utaona jinsi Jumamosi inavyokuja mbio.

Nne, rudi kusoma ukikwama. Hapa ndipo kusoma kunakuwa kutamu. Tangu nianze kuchanja nimesoma kuhusu magonjwa ya kuku kuliko nilivyosoma mwaka mzima wa daftari la bluu na nyekundu, kwa sababu sasa nina maswali. Kuku wa nani amevimba jicho, na kwa nini? Mtu mwenye swali husoma dakika kumi akaelewa. Asiye na swali husoma mwaka mzima akapata cheti.

Msomaji wangu, pengine wewe huna kuku. Pengine una cherehani ya shosho inayokaa na vumbi, au unajua hesabu na kuna mtoto wa ploti yenu anayefeli hesabu kila muhula. Kuna kitu karibu nawe, hatua ishirini hivi, ambacho tayari unakijua vya kutosha. Hakingoji umalize kozi. Kideri hakikuningoja.

Makala yenyewe imeisha, na hii pia ilikuwa ni kusoma. Weka simu chini, uinuke.